Nani Kauandika Mji Huu?

Uhakiki wa ramani ya mtandaoni

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthiliya. Leo naomba tuhakiki kitu kisicho na jalada wala dibaji, ambacho jina la mtunzi wake halimo kwenye ukurasa wa kwanza, ila kinasomwa na watu zaidi ya bilioni moja kila mwezi. Kipo mfukoni mwako sasa hivi. Nazungumzia ramani ya mtandaoni, hasa ile ya Google, pamoja na ule utafutaji wake wa maduka, migahawa, saluni na gereji zilizo karibu nawe.

Najua kuna mshikaji atakayeguna: "Sasa we bwana, ramani nayo imekuwa fasihi?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba maandishi yoyote yanayochagua kipi kionekane na kipi kiachwe yana mtunzi, na mtunzi hakosi msimamo. Riwaya inachagua, ramani nayo inachagua. Ila riwaya tunaijua kuwa ni ya kubuni, kwa hiyo tunaiuliza maswali. Ramani tunaifuata tu. Ikisema pinda, tunapinda. Ikisema hapa hakuna kitu, tunaamini hakuna kitu. Palipo na imani kubwa kiasi hicho, mhakiki ana kazi.

Na sisi tunaojifunza kuandika tuna sababu yetu wenyewe. Nimesoma miswada kadhaa ya vijana wenzangu ambamo mhusika anatoka Sinza kwenda Mbagala kwa mtindo wa simu: ananyoosha, anapinda kulia, anakata kushoto, kafika. Njiani hamna konda, hamna vumbi, hamna mama wa mihogo, hamna mtu aliyemwuliza njia akaishia kupigwa stori ya nusu saa. Mji mzima umekuwa mstari wa buluu. Nikajiuliza: hivi nani kauandika mji huu, sisi au wao?

Historia fupi ya mtunzi

Kila mhakiki huanza na maisha ya mwandishi, nami sitavunja mila. Kabla ya ramani hii kulikuwa na kurasa za njano. Mwaka 1886, huko Chicago, Reuben H. Donnelley alianza kuchapisha orodha ya wafanyabiashara iliyopangwa kwa aina ya kazi zao. Fundi bomba walikaa na fundi bomba, wauza majeneza na wauza majeneza. Aliyetaka aonekane zaidi alilipia tangazo kubwa. Vitabu vya namna hiyo tuliviona hata hapa kwetu, vikikaa mezani kwa katibu muhtasi, vizito kama tofali. Mbona mambo yalikuwa wazi: anayelipa anapata ukurasa, na msomaji anajua kuwa anasoma tangazo.

Ramani za mtandaoni zilianza kupata wasomaji wengi mwaka 1996 kupitia MapQuest ya Marekani. Zilisaidia, lakini zilichosha. Ukitaka kusogea upande mmoja unabofya mshale, ukurasa wote unafutika, unasubiri uchorwe upya. Mwaka 2003 ndugu wawili kutoka Denmark, Lars na Jens Rasmussen, wakiwa Sydney pamoja na Waaustralia Noel Gordon na Stephen Ma, walianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Where 2 Technologies. Google iliinunua mwaka 2004. Mwaka huohuo ilinunua Keyhole, kampuni ya picha za setilaiti, na ilikuwa tayari imeanzisha utafutaji wa biashara za mahali. Tarehe 8 Februari 2005 ramani ya Google ikatoka hadharani, ikionyesha Amerika ya Kaskazini. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ramani na orodha ya biashara vikafungishwa ndoa.

Ndoa hiyo ndiyo kiini cha makala haya, msomaji. Tangu hapo ukiuliza "nipo wapi?" unajibiwa papo hapo na "ununue wapi?" Maswali mawili yamekuwa mdomo mmoja. Mwaka 2007 simu ya iPhone ikaja na ramani ndani yake. Mwaka 2009 mkonge wa SEACOM ulifika pwani yetu, Dar es Salaam na Mombasa, na mtandao ukaanza kushuka bei. Kitabu kikawa kimefika mtaani.

Fani: muundo na mtindo

Muundo wake ni wa vipande. Dunia imekatwa miraba midogo ya picha, ya awali ikiwa na pikseli 256 kwa 256, na simu inaita ile unayoihitaji tu. Ukisogeza kidole, vipande vingine vinaletwa kimyakimya wakati unaendelea kutazama. Hiyo ndiyo iliyoiua foleni ya MapQuest. Kwa lugha ya darasani ningesema ni muundo usio na mwanzo wala mwisho: msomaji anafungua popote, na popote anapofungua ni katikati. Ni ufundi mkubwa, sitaki kuuficha.

Kwa upande wa nafsi, mtunzi ametumia nafsi ya pili, hali ya kuamuru. Nyoosha. Pinda. Umefika. Yeye mwenyewe hasemi "mimi" hata mara moja, na hilo linampa mamlaka ya ajabu. Mzee wa kijiweni akikuelekeza njia unamwona uso, unajua kama ana uhakika au anabahatisha ili asionekane mshamba. Ramani haina uso. Inabahatisha kwa sauti ileile inayotumia kusema kweli.

Halafu kuna doti ya buluu. Doti hiyo ni wewe. Katika ramani za zamani za ukutani ilibidi ujitafute, wakati mwingine usijione, ukajua kuwa dunia ni kubwa na wewe ni mdogo. Katika hii, mji wote unakuzunguka wewe. Ndiyo riwaya ya kwanza ambayo kila msomaji ni mhusika mkuu. Raha yake naielewa. Ila nauliza: kijana aliyezoea kuwa katikati ya kila ukurasa, siku akikaa kuandika atawezaje kumpisha mhusika mwingine?

Mtazamo nao ni wa juu, wa mwewe. Watunzi wetu waliwahi kutumia mbinu ya angani. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, aliibuni nchi inayoelea hewani, na wajumbe wake walitumwa pande zote wakaone mambo ya nchi nyingine, wakarudi na maarifa, na malipo yao yakawa gereza. Tazama tofauti hapo. Shaaban alipanda juu ili aone dhuluma iliyoko chini. Ramani inapanda juu, na kutoka huko mabati yote yanafanana. Paa la mwenye nyumba na paa la mpangaji aliyefungiwa maji, yote ni kijivu.

Fani: lugha na mandhari

Lugha ya ramani ni majina. Hapa sisi watu wa Dar es Salaam tuna utajiri ambao tukiuchezea tutajuta. Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kimara Mwisho inakumbuka mahali basi zilipogeuzia. Sinza Kumekucha, Mbagala Rangi Tatu, Magomeni Mapipa, Mwembechai, Tandale kwa Mtogole: kila jina ni hadithi fupi ambayo mtu ameikunja akaitia kwenye maneno mawili. Mti umekatwa zamani, jina la mwembe limebaki. Mwenye nyumba kafariki, mtaa bado unasema "kwa" fulani.

Kwenye ramani majina haya mengi yamo, sikatai. Yamo kama pini. Unaona neno, huoni mkunjo wake. Na pale ambapo mtaa una majina mawili, moja la kwenye kibao na moja la midomoni, ramani inalazimika kulipendelea moja, na lililopendelewa linasomwa na wageni mpaka linakuwa ndilo.

Msifikiri natunga. Huko Detroit, Marekani, eneo liitwalo Fiskhorn lilikuwa likionekana kwenye ramani kama Fishkorn. Kosa la kuchapa lilifanyika kwenye ramani moja ya mwaka 2002, likaingia mtandaoni, likasambaa mpaka kwenye matangazo ya nyumba. Gazeti la New York Times lililiandika jambo hilo mwaka 2018. Herufi mbili zimepishana, mtaa umebatizwa upya. Mwaka 2010 ilikuwa kubwa zaidi: kamanda wa Nicaragua, Edén Pastora, alitaja ramani ya Google kuwa ushahidi wake baada ya kuwapeleka watu kwenye ardhi ambayo Costa Rica ilisema ni yake. Mpaka ulikuwa umechorwa vibaya. Sisi waandishi tukikosea herufi, mhariri hutukemea. Yule akikosea herufi, nchi mbili zinatazamana kwa jicho baya.

Wahusika

Wahusika wa ramani ni biashara. Watu hawamo, au wamo kama rangi nyekundu barabarani, maana yake foleni. Mji wenye mamilioni ya watu umeandikwa kwa majina ya benki, hoteli, vituo vya mafuta na maduka makubwa. Mwandishi chipukizi akituletea riwaya ya namna hiyo tutamwambia aende akaongeze binadamu.

Na namna wahusika wanavyopewa nafasi ni jambo la kutazama kwa makini. Google yenyewe inaeleza kwamba orodha ya biashara za karibu inapangwa kwa vigezo vitatu vikuu: jinsi biashara inavyolingana na ulichotafuta, umbali, na umaarufu. Viwili vya kwanza havina ubaya. Cha tatu ndicho chenye utata. Umaarufu unapimwa kwa mambo kama vile biashara inavyotajwa mtandaoni, idadi ya maoni na nyota zake. Maana yake anayejulikana atajulishwa zaidi. Aliyeko juu ya orodha anapata wateja, wateja wanaandika maoni, maoni yanambakiza juu. Wahenga walishasema mwenye kisu kikali ndiye anayekula nyama. Sasa ndiye anayepewa na sahani.

Nimwingize mhusika mmoja aliyeachwa nje. Kuna mama ntilie Mwananyamala, jina lake nalihifadhi, anayepika wali maharage kuanzia alfajiri. Mafundi wote wa pale wanakula kwake, wengine kwa daftari mpaka mwisho wa wiki. Ukitafuta chakula kwenye simu ukiwa umesimama hatua ishirini kutoka kwenye sufuria lake, unaletewa mgahawa wenye kiyoyozi ulio mbali na hapo. Harufu ya pilipili inakupiga puani, na simu inakwambia nenda mbele.

Kwa nini hayumo? Hakufukuzwa na mtu. Masharti ndiyo yaliyomwacha. Kwa miaka mingi njia kuu ya kuthibitisha biashara ilikuwa postikadi: kampuni inakutumia kadi yenye namba ya siri kwa posta, ikikufikia unaijaza, unahesabika kuwa upo. Mfumo huo umetungwa na mtu anayedhani kila mlango una namba na kila namba ina mtu wa posta. Kwetu barua zilizoea sanduku la posta, na banda la mama ntilie halina mlango, seuze namba. Siku hizi kuna uthibitisho wa video, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 Serikali imeweka vibao vya mitaa na namba za nyumba. Hali imebadilika. Lakini video nayo inakutaka uonyeshe bango na vitu vinavyothibitisha kuwa biashara ni yako. Mama yangu huyu ana sufuria tatu, benchi mbili na turubai. Bango lake ni moshi.

Uhakiki wa nyota

Sasa naingia kwenye eneo linalotuhusu moja kwa moja sisi wahakiki. Ramani hii imezaa tanzu mpya ya uandishi: maoni ya mteja. Watu wengi ambao hawajawahi kuandika barua kwa mhariri wameandika angalau maoni mamoja ya saluni au gereji. Kwa ukubwa wake ni kazi ya fasihi simulizi iliyoandikwa, na imejaa vipaji. Nimewahi kusoma maoni ya mtu kuhusu chips kavu nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Kinachonikera ni nyota. Mtu anaandika sentensi nne zenye utu ndani yake, kwamba mhudumu alikuwa mpole ila alionekana anaumwa, kwamba chakula kilichelewa kwa sababu umeme ulikatika, halafu mwisho anatakiwa aponde vyote hivyo viwe namba kati ya moja na tano. Na namba ndiyo inayosafiri, sentensi zinabaki nyuma. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya Seattle kwenye Yelp, akaona kwamba nyota moja zaidi inaendana na ongezeko la mapato la kati ya asilimia 5 na 9, na kwamba athari hiyo iko kwa migahawa ya watu binafsi, siyo ile yenye matawi kila kona. Yaani mkubwa hatikisiki, mdogo anapimwa kila siku. Mhakiki wa kitabu akimponda mwandishi, mwandishi anaudhika wiki moja. Hapa mtu anakosa kodi ya fremu.

Penye mali hapakosi wajanja. Google ilitangaza kuwa katika mwaka 2023 ilizuia au iliondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka kanuni zake. Lakini mjanja ninayempenda mimi ni Oobah Butler wa London. Mwaka 2017 aliliandikisha kwenye TripAdvisor banda la bustanini alimokuwa akiishi, akaliita mgahawa: The Shed at Dulwich. Vyakula alivipiga picha vikiwa vimetengenezwa kwa vitu kama povu la kunyolea. Marafiki zake wakaandika maoni matamu. Alipopigiwa simu alijibu kwamba nafasi zimejaa. Mwezi Novemba mgahawa huo ambao haukuwepo ukawa wa kwanza London nzima, juu ya maelfu ya migahawa iliyokuwa na majiko, wapishi na madeni.

Wengine waliisoma habari hiyo kama utapeli. Mimi niliisoma kama riwaya iliyofanikiwa. Jamaa alifahamu kanuni ya kwanza ya ubunifu: msomaji hataki chakula tu, anataka kukosa nafasi, anataka mlango uliofungwa. Na alichotufundisha kama wahakiki ni kizito zaidi. Kama mfumo unaweza kukipa taji kitu kisichokuwepo, na huku hauoni sufuria linalochemka Mwananyamala, basi kinachopimwa humo ni maandishi. Ni mashindano ya uandishi ambayo washindani hawajaambiwa kuwa wapo mashindanoni.

Mwingine ni msanii wa Ujerumani, Simon Weckert. Mwaka 2020 alionyesha kazi yake ambamo alijaza simu 99 kwenye kigari cha kuvuta kwa mkono, akatembea nacho taratibu kwenye barabara tupu za Berlin. Ramani ikaona simu 99 zinakwenda polepole, ikapiga rangi nyekundu: foleni. Barabara nyeupe, gari hakuna, ramani inapiga kelele. Hiyo ndiyo tashtiti, jamani. Kwa kigari kimoja amesema kuliko kurasa zangu zote hizi.

Maudhui: ni mji wa nani?

Tukikusanya, dhamira kuu ya kazi hii ni ukaribu. Kila kitu kinaahidiwa kuwa karibu. Lakini ukaribu wenyewe una masharti: uwe na simu, uwe na bando, uwe na jina lililosajiliwa. Mgongano mkuu ni kati ya mji unaoishi na mji ulioandikishwa. Na msimamo wa mtunzi, kwa kuwa mtunzi ni kampuni inayoishi kwa matangazo, ni kwamba mahali pana thamani pakiwa na kitu cha kuuzwa. Kaburi la babu, uwanja wa chandimu, jiwe ambalo wasichana hukaa jioni wakisukana: haya yanaweza kuwekwa, ila hayana nguvu ya kupanda juu.

Je, kuna waliojibu? Wapo, na hapa moyo wangu unapoa. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bila kulipa. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, wakishirikiana na Mikel Maron na Erica Hagen, walichukua vifaa vya GPS wakapita vichochoroni. Mpaka wakati huo, sehemu hiyo yenye watu wengi hivyo ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Wakaweka vioski vya maji, vyoo, shule, zahanati. Mwaka 2011 Tandale ikafuata. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ukaanza Dar es Salaam: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, wakachora mitaa inayofurika mvua zikinyesha, mifereji kwa mifereji.

Nairobi tena, wanafunzi walipanda matatu simu mkononi, wakarekodi njia na vituo. Mwaka 2014 mradi huo, Digital Matatus, ukatoa ramani ya njia zaidi ya 130, iliyochorwa kama zile za treni za chini za Ulaya. Kitu kilichoitwa vurugu kikaonekana kuwa kina mpangilio wake. Mpangilio ulikuwepo siku zote, vichwani mwa makanga na abiria. Kilichokosekana ni mtu wa kuuandika.

Hapo ndipo ninapowaomba wenzangu watazame vizuri. Vijana wale hawakukaa kulalamika kwamba hawamo kwenye kitabu cha wengine. Walikwenda kuandika sura yao. Mfereji mmoja uliochorwa Tandale una manufaa kuliko makala kumi za kulaumu, na mimi mwenye makala nalisema hilo.

Kufaulu na kutofaulu kwa mtunzi

Haki itendeke. Mtunzi amefaulu sana katika fani. Amefanya kitu kigumu kionekane chepesi, na huo ni ufundi ambao wengi wetu hatujaupata. Amemwokoa mgeni aliyefika stendi saa nne usiku na hataki kumwuliza mtu. Amempa dada anayerudi peke yake uwezo wa kujua kama bajaji inafuata njia. Fundi simu wa Kariakoo aliyeko ghorofa ya tatu nyuma ya ngazi amepata wateja ambao wasingemjua kamwe. Mtu akisema vitu hivi ni vidogo, basi huyo hajawahi kupotea.

Amefaulu pia kutuonyesha kwamba watu wana hamu ya kuandika kuhusu mahali pao. Mamilioni wanasahihisha majina, wanapiga picha, wanaongeza duka la jirani, bila malipo. Hamu hiyo ni mtaji ambao magazeti yetu madogo yameshindwa kuuchukua.

Hakufaulu katika mambo matatu. Kwanza, amechanganya kujulikana na ubora, kisha akaupa mchanganyiko huo sura ya ukweli wa kijiografia. Pili, amekubali nyota zizibe midomo ya wasemaji. Tatu, amefuta safari. Kwenye ramani njia ni muda uliopotea kati ya sehemu mbili, na kazi ya programu ni kuupunguza. Katika fasihi njia ndiyo hadithi. Ukiifupisha mno, unabaki na mtu aliyeondoka na mtu aliyefika, na hujui ni mtu gani.

Hitimisho

Sisemi mzime simu. Atakayeandika kuhusu Dar ya leo akaificha simu atakuwa muongo kuliko Butler, maana doti ya buluu nayo ni sehemu ya maisha yetu, na mapenzi mangapi yamevunjika kwa sababu ya "nipo njiani" iliyokuwa imesimama palepale kwa saa nzima! Itumieni, hata kama mhusika. Mpeni tabia, mpeni kiburi, acheni akosee.

Ila mtunzi chipukizi nakupa kazi moja, na ukiimaliza ilete hapa tuisome. Andika ukurasa mmoja wa kumwelekeza mgeni kutoka kituo cha daladala hadi kwenu. Usitumie kulia, kushoto, wala mita. Tumia unachokiona, unachokisikia, unachokinusa, na watu utakaomwambia aulize. Mpitishe kwa fundi viatu, kwenye ukuta ulioandikwa usikojoe hapa, penye redio inayofunguliwa kwa sauti kila saa saba mchana. Kama mgeni atafika, umeelekeza. Kama atafika na atakuwa ameujua mtaa wenu, umeandika.

Na ukipita Mwananyamala asubuhi, fuata moshi. Wali unaisha mapema.